Kapu la Asumini Lililopitia Upenja

Tangu nilipokanyaga tena baraza yetu ya Malindi, hapa mjini Unguja, sijanywa kahawa yangu kwa utulivu. Mmoja wenu ananiuliza kwa nini niliondoka Alhamisi nikarudi Jumapili, ilhali Kiwengwa haiko ng'ambo ya bahari. Mwengine aliniona nikishuka kwenye lori la ndizi, kilemba kimegeuka rangi kwa vumbi, na hawezi kunitazama bila ya kucheka. Nyumbani nako mke wangu, Bi Zuwena, ananidai maelezo ya kapu lake, ambalo liliondoka limejaa asumini na likarudi na muhogo, mayai, pweza mkavu na kuku aliye hai. Nimeona bora niiandike habari yote kwa mpangilio wake. Moyo wangu ungali unadunda kila niikumbukapo, na mambo yanayodundisha moyo hayasimuliki vizuri baina ya kikombe na kikombe.

Mnajua kilichonipeleka. Marehemu kaka yangu alifungua duka Kiwengwa, akaoa huko, akazikwa huko, na akaacha binti mmoja, Salma. Katika ugonjwa wake wa mwisho alinishika mkono akanambia, "Salma usimwozeshe kwa wakala. Umwozeshe weye, kwa mkono huu." Nikamwahidi. Mchumba alipatikana, mwalimu aliyepangiwa skuli Pemba, na alfajiri ya Ijumaa alitakiwa awe bandarini na mkewe. Kwa hiyo ndoa ilikuwa ifungwe Alhamisi baada ya sala ya Alasiri. Nami ndiye walii wake wa ndoa pekee aliyebaki. Kwa madhehebu tunayoyafuata, walii akiwa katika masafa mafupi hapana khatibu wala kadhi awezaye kuozesha badala yake pasipo idhini yake. Mlango huo nimeusomesha miaka mingi, na sikupata kufikiri kwamba siku moja nitaubeba mgongoni kama mzigo. Nisipofika, mume angepanda meli peke yake.

Kutoka Darajani hadi Kinyasini

Gari la abiria la mbao liliondoka Darajani likiwa limejaa kuanzia mabenchi hadi juu ya paa. Nilikaa nimelipakata kapu la Bi Zuwena. Ndani yake mlikuwa na misuko ya asumini na vikuba, yaani vishada vya asumini, mrehani na mkadi ambavyo wanawake hujipamba navyo, vyote vya Salma, vimefunikwa kwa jani la mgomba lililorowana. Gari zima likanukia kama chumba cha harusi, na wakati huohuo nikawa sina pa kujificha.

Mbele yangu alikaa mwanamke wa makamo, mchuuzi wa ukili uliotiwa rangi, ule wa kusukia mikeka. Baadaye nilimjua kwa jina la Bi Mwanakheri, mtu wa Tumbatu. Aligeuka, akanitazama kuanzia kilemba hadi makubadhi.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba."

"Asumini hizo umevaa au unauza?"

Benchi zima likaangua kicheko. Nikamjibu kwa ufupi kwamba ni za bibi harusi, Kiwengwa, na kwamba mimi ni ami yake.

"Kiwengwa hata mie nnakwenda. Na wanawake wa kwenu wote wamekwenda wapi hata abebeshwe asumini mwanamume mwenye kilemba?"

"Wako nyumbani."

"Wana akili. Wamekupeleka weye kwenye vumbi, wao wamebaki na kivuli."

Hivyo ndivyo tulivyosafiri. Kila gari liliporuka shimo aligeuka kunambia nisiyaue maua. Lakini tulipofika Mahonda, gari liliposimama kuteremsha mabati, alishuka bila ya kuambiwa, akarudi na kata ya maji aliyoiomba nyumba ya watu, akafunua jani na kunyunyiza kwa ncha za vidole kama anayemtawadhisha mtoto. Kisha akarejea kunicheka, nikaona dhihaka yake ina wema ndani.

Kinyasini

Karibu na njia panda ya Kinyasini gari lilitoa mlio wa chuma, likainama upande mmoja, likasimama. Dereva akaingia uvunguni, akakaa humo muda, akatoka amepaka mafuta hadi nyusi.

"Springi imekatika," akasema. "Mwenye miguu aitumie."

Abiria wa kaskazini wakakaa kwenye ukingo wa barabara kusubiri gari jengine. Sisi wa Kiwengwa, njia yetu ilikata kuelekea mashariki, na siku hizi gari la kuelekea huko ni la bahati. Jua lilikuwa limeshapanda sana. Bi Mwanakheri akaketi juu ya mizigo yake ya ukili na kusema kwamba yeye hasogei, kitakachopita atakisimamisha. Mimi sikuweza kuketi. Mtu mmoja mwenye jembe akaninyooshea kidole. "Upenja hapo mbele tu, Maalim. Ukifika Upenja hukosi chombo cha kupanda."

Ile "hapo mbele tu" ya watu wa mashamba mnaijua. Nilitembea na kapu kichwani, kanzu nimeikunja mkononi, kati ya mikarafuu na mibungo, mpaka koo likawa kama gamba la nazi.

Upenja

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya udongo, safi, na nje yake imeegemezwa baskeli nyeusi. Nilipiga hodi nikikusudia maji tu, niyanywe nimesimama, kisha niulize chombo. Mwenye nyumba akatoka, Bwana Haji, fundi wa kuezeka, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Aliponiona alinivua makubadhi kwa macho, kana kwamba nimeshaingia. Mkewe, Bi Pili, akatokea nyuma yake, akanipokea kapu mikononi kabla sijamaliza salamu.

"Karibu, Maalim, karibu ndani. Umetuletea na mzigo, Mungu akuzidishie."

Hapa yafaa niseme jambo ambalo nyote mnalijua kwa kuwa nanyi mmelelewa hivyo. Mgeni haulizwi safari yake kabla hajala. Kumuuliza ni kana kwamba unamwambia eleza haja yako uende zako. Na mgeni aliyefunzwa naye haanzi kueleza haraka yake kabla hajaonja chakula, maana ni kana kwamba anawaambia wenyeji chakula chenu kinanichelewesha. Vilevile mgeni aingiaye na kapu, kapu ni la nyumba. Mambo hayo matatu nimeyasomesha watoto wetu kwa miaka, nami nikaketi mkekani, mgongo umenyooka, nikanyamaza.

Nilifikiri wataleta muhogo wa kuchemsha, nile tonge mbili, kisha niseme. Nikasikia mchele ukipetwa. Mwaka huu mchele ni kitu cha foleni, na watu wa shamba wanaula siku za sikukuu. Bi Pili alikuwa na kiasi alichokiweka, na sasa alikuwa anakipeta kwa ajili ya mtu ambaye hata jina lake hajalijua. Ningesemaje?

Nikaanza ishara. Nilitazama mlangoni mara kwa mara. Bwana Haji akadhani naona haya kwa wanawake wapitao uani, akainuka akatundika shuka mlangoni. Nikatazama jua kupitia dirishani. Akadhani nataka kusali, akaniletea maji na mswala, nami nikasali Adhuhuri ambayo kweli ilikuwa wakati wake. Nikakohoa. Ikaja tangawizi. Nikajongea ukingo wa mkeka kama mtu anayetaka kuondoka. Nikaletewa mto.

Wakati huo Bi Pili alikuwa amefunua kapu. Nilisikia sauti yake ya furaha uani, kisha sauti za wanawake wengine, na mlango wa nyuma ukifunguliwa na kufungwa. Sikuelewa mpaka bibi mmoja jirani alipochungulia, kikuba kikining'inia kifuani mwake, akasema, "Ahsante, Maalim. Tangu harusi yangu sijavaa kikuba cha mjini."

Bi Pili, kwa ukarimu uleule uliomfanya apete mchele wake wa akiba, aliona si haki manukato yote yale yakae nyumba moja. Aliyagawa mtaa mzima. Na kwa kuwa hakuna mwanamke wa Upenja arudishaye mkono mtupu, kila kikuba kilichotoka uani kwa Bi Pili kililipwa sahani: samaki wa kupaka, kisamvu, ndizi za nazi, boga. Kila sahani ilipofika, sinia lilisogezwa mbele, na kila mleta sahani alinitazama kwa upendo mpaka nionje. Maua ya Salma yalikuwa yanarudi kwangu kwa njia ya vyungu vya watu, nami nilikuwa nayala.

Katikati ya kisamvu nikasikia lori nje. Lilipita taratibu, likapiga honi, likapiga tena, sauti ya mwanamke ikapotea ndani ya mngurumo, kisha vumbi likaingia dirishani. Bwana Haji akasema kwa utulivu, "Lori la Makame hilo." Akanisogezea samaki.

Hatimaye tukanawa. Bwana Haji akajifuta mikono, akakaa vizuri na kutabasamu.

"Haya, Maalim. Sasa tuambie. Unatoka wapi, na wapi unakwenda?"

"Natoka mjini. Nnakwenda Kiwengwa kumwozesha mtoto wa kaka yangu. Ndoa ni baada ya Alasiri, na mimi ndiye walii."

Nyuma ya shuka sauti ya Bi Pili ikauliza, "Alasiri ya leo?"

"Ya leo."

"Haji! Lori la Makame linakwenda Kiwengwa!"

"Nimelisikia, mke wangu. Tumelisikia sote." Akanigeukia. Sijapata kuona mtu mpole akikasirika kwa mapenzi kiasi kile. "Maalim, si ungesema?"

"Hamkuniuliza."

"Tutakuulizaje, nawe hujala?"

"Na mimi nitasemaje, nami sijala?"

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, nami nikamfuata, kicheko cha watu wawili waliofungwa kamba moja na kila mmoja ameshika ncha yake. Lakini nyuma ya shuka Bi Pili hakucheka.

"Na maua?" akauliza. "Maalim, maua yalikuwa ya nani?"

Nilitaka kusema uongo, sikuweza. "Ya bibi harusi."

Njia ya mawe

Kilichotokea baada ya hapo kilikwenda mbio kuliko kalamu yangu. Bi Pili alitoka uani akipaza sauti, na kwa muda mfupi wanawake wote waliokuwa wamevaa vikuba vyangu walikuwa wamesimama mlangoni, wamevishika mikononi, nyuso zimewainama. Nikawaambia kwa kadiri ya heshima niliyokuwa nayo kwamba walivyopewa ni vyao, na kwamba nikivichukua tena sitalala. Bibi yule wa kwanza akakivaa chake tena. "Basi na apate vyengine," akasema.

Kila mmoja alikwenda kwenye mwasumini wa uani kwake. Siku ile hakukubaki hata ua moja lililofumbua kwenye kitongoji chote. Walikaa chini kwenye kivuli cha ukuta wakatunga, vidole vinakwenda kama mvua, wakigombana juu ya mshono. Mmoja alisema bibi harusi wa pwani hapambwi kwa msuko mwembamba kama kamba ya mbuzi, mwengine akamjibu afunge mdomo afungue mkono. Nilisali Alasiri na Bwana Haji, na nilipotoa salamu kapu lilikuwa limejaa kuliko lilivyotoka Malindi, jani bichi juu yake, linachuruzika maji.

Bwana Haji alileta baskeli. Nilikuwa sijapata kupanda baskeli maishani mwangu, wala mbele wala nyuma. Nikapandishwa kwenye karia ya nyuma, kanzu ikafungwa kwa ukili isiingie magurudumuni, kapu nikalishika kwa mikono miwili juu ya kichwa. Wanawake wakapiga vigelegele kana kwamba bwana harusi ni mimi.

Njia ya Kiwengwa ni mawe ya matumbawe, makali, yaliyotokeza kama meno. Bwana Haji alipiga pedali na kunifundisha kwa wakati mmoja.

"Maalim, usiegemee."

"Siegemei. Naomba dua."

"Omba, lakini usiegemee."

Upepo wa bahari ukaanza kunigusa uso, nami, mbele ya Mungu nakiri, nilisahau haraka yangu kwa kitambo nikafurahi kama mtu aliyefunguliwa. Kisha tairi la nyuma likapasuka. Mlio ulikuwa mdogo. Bwana Haji akashuka, akalitazama, akaitwaa baskeli begani.

"Twende kwa miguu," akasema. "Njia ni ileile."

"Bwana Haji, wewe rudi. Umeshanitendea ya kutosha."

"Nirudi nikamwambie nini Bi Pili? Kwamba nimemwacha mgeni njiani na maua yake?"

Jua lilikuwa nyuma yetu, vivuli vyetu vimerefuka hadi vikafika mbele kabla yetu. Alasiri ilikuwa imeshasaliwa tangu zamani. Nilikuwa nikihesabu moyoni namna watu wanavyoinuka mkekani, namna khatibu anavyosema hapana budi, namna Salma anavyovua mapambo yake. Wala sikumlaumu mtu. Nilimwambia marehemu kaka yangu kimoyomoyo kwamba ninakuja, na kwamba huenda nisifike.

Kwenye kona, mbele yetu, likatokea lori. Lilikuwa tupu, linaruka mawe, linatujia mbio. Likasimama nusura lituguse. Dereva, kijana mnene anayeitwa Makame, akatoa kichwa.

"Weye ndiye mwenye asumini?"

"Ndiye mimi."

"Panda. Nimetumwa na mwanamke ambaye kama sikukuleta ataniua."

Kiwengwa

Bi Mwanakheri hakufungwa na adabu ya aina yoyote. Lori lilipofika Kinyasini alilisimamisha kwa mikono miwili, akapanda mbele, na akamwamuru Makame apige honi kila nyumba mpaka mwenye kilemba apatikane. Mimi nilikuwa nyuma ya shuka na samaki. Aliponikosa, akasema basi nimetangulia. Alipofika Kiwengwa na kukuta sijafika, aliteremka, akafuata sauti ya vigelegele, akaingia nyumba ya harusi ambayo haijui, akasimama uani mbele ya watu waliokuwa wameshaanza kutazamana.

"Walii wenu yuko njiani," aliwaambia. "Gari limekufa Kinyasini. Anakuja na asumini kichwani. Asiinuke mtu."

Khatibu alimuuliza yeye ni nani wa bibi harusi.

"Mpita njia," akajibu, akakaa.

Na watu hawakuinuka. Upande wa bwana harusi, ambao wangeweza kukasirika kwa haki, walivua makoti wakashusha ndizi na muhogo wa Makame mpaka lori likawa tupu, ili lirudi kunitafuta kwa mwendo mwepesi. Kahawa ilizungushwa mara nyengine na nyengine. Walinisubiri wakasali Magharibi, nami niliingia mlangoni wakati wanatoa salamu, vumbi hadi kwenye kope, Bwana Haji nyuma yangu na baskeli begani.

Hakuna aliyeuliza kwa nini nimechelewa. Nilitawadha, nikasali, nikaketi mbele ya kijana yule mwalimu, nikautwaa mkono wake wa kulia. Nyuma ya pazia Salma aliulizwa idhini, akakubali kwa sauti niliyoijua, maana ni sauti ya baba yake ikiwa nyembamba. Nikatamka maneno ya ndoa neno kwa neno. Nilipoachia ule mkono, niliutazama wangu kwa muda. Ahadi imetimia, kwa mkono uleule.

Ndani, shemegi yangu Bi Asha, mama yake Salma, alikuwa amefunua kapu. Akanijia mlangoni, kikuba puani.

"Shemegi, asumini hizi zimechumwa leo. Zingali zinafumbua."

"Zimechumwa Upenja."

"Na za mjini? Bi Zuwena aliniahidi za mjini."

"Za mjini wamevaa watu wa Upenja."

Alinitazama kama mnavyonitazama nyinyi sasa. Nyuma yake, katikati ya wanawake, amekaa Bi Mwanakheri kama mama wa harusi, anaeleza namna ya kumpamba biarusi wasimkosee. "Ami yake nimemlea mie njia nzima," nilimsikia. "Msimcheke. Ana maua, hana sauti."

Kurudi

Salma na mumewe waliondoka usiku uleule, wawahi bandarini alfajiri. Ijumaa nilisali na watu wa Kiwengwa, wakanijazia kapu, kwa kuwa huko nako kapu halirudi tupu. Jumamosi Makame alikuwa anapeleka samaki mjini, nikapanda, nikamwomba anishushe Upenja kidogo tu, niwashukuru watu. Akasema atapakia ndizi zilizokuwa zikimngoja barabarani, na akimaliza atapiga honi.

Bwana Haji alikuwa mlangoni, anaziba tairi. Bi Pili alitoka, akatazama kapu langu la pweza na kuku, akaificha mikono yake nyuma ya mgongo, hakulipokea. Kabla ya maji, kabla ya mkeka, Bwana Haji akanisimamisha kizingitini.

"Maalim. Leo tunakuuliza kwanza. Una safari?"

Sidhani kama neno hilo lilipata kutamkwa kizingitini pale. Lilimtoka kwa shida, na Bi Pili aligeuza uso kwa haya, akaingia jikoni. Nami nikaona haya kwa niaba yao.

Barabarani lori likapiga honi, likangoja, likapiga tena. Bwana Haji akainua kichwa kama mtu anayetaka kukimbilia barabarani.

"Mwache apite," nikasema. Nikavua makubadhi yangu. "Sina safari. Na huyu kuku, Bi Pili, ni wa nyumba."

"Huyo hatumtaki," akajibu kutoka jikoni. "Huyo arudi nawe kwa mkeo, tumeshavaa vyake vya kutosha. Kaa kitako, nshatia maji motoni."